Kwa mwanangu, kuhusu hao waimbaji wako

Mwanangu Rehema,

Video ya TWICE niliipata na nimeitazama yote. Unauliza Wajapani watatu wanatafuta nini kwenye kundi la Wakorea, halafu unajijibu mwenyewe kwamba ni biashara tu.

Biashara ipo, sikatai. Kampuni ya muziki ya JYP ya Korea ilipolitoa kundi hilo mwaka 2015, Wakorea watano, Tzuyu wa Taiwan, na Momo, Sana na Mina wa Japani, ilijua fika soko la Japani lilivyo nono. Kufika 2017, wasichana wa shule kule walikuwa wakipiga picha wameweka vidole chini ya macho, gumba na cha shahada vikiwa kama herufi T, kuigiza kulia kama kwenye wimbo wao wa "TT".

Lakini ingekuwa biashara tu, Sana asingeumia vile. Aprili 2019, mfalme wa Japani akiwa anang'atuka, aliandika maneno machache kwa Kijapani kwenye Instagram ya kundi: yeye aliyezaliwa enzi ya Heisei anasikitika kuona enzi hiyo inaisha. Basi, baadhi ya Wakorea wakamjia juu, maana enzi za Japani hufuata wafalme wake, na Japani iliitawala Korea kwa mabavu toka 1910 hadi 1945. Binti wa Osaka, miaka 22, anadaiwa deni la mababu! Hasira yenyewe naielewa. Korea Kusini ilizuia muziki wa Kijapani kwa miongo. Ikaanza kulegeza 1998, na albamu zilizoimbwa kwa Kijapani zikaruhusiwa madukani 2004 tu.

Hata hivyo hao wako wana nafuu. Mtafute Miyako Harumi, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1948, baba Mkorea, mama Mjapani. Aliimba enka, nyimbo za mapenzi na majonzi ambazo Wajapani huzihesabu kuwa zao hasa. Mama yake ndiye aliyemfunza, na kwa ukali. Sikiliza anavyoikwaruza sauti kooni, anaunguruma kidogo, kisha anaiachia. Aliyelelewa na taarabu kama wewe hatahitaji mkalimani. Mwaka 1976 alitwaa tuzo kuu ya rekodi ya Japani, na waandishi wakaanza kuchokonoa asili ya baba yake. Taifa zima linalia na wimbo wake, halafu linauliza huyu ni wa nani! Wakati huo sheria ya Japani ilimpa mtoto uraia kupitia baba. Wa mama ulikuja kutambuliwa 1985.

Ndiyo maana nampenda Crystal Kay. Alizaliwa Yokohama 1986, mama mwimbaji, Mkorea mzaliwa wa Japani, baba Mmarekani mweusi mpiga gitaa la besi. Alitoa wimbo wa kwanza 1999, akiwa na miaka 13, na hakuficha chochote. Magazeti hupenda kusema utamu wake uko kwenye damu. Upuuzi. Utamu uko kwenye nyumba aliyokulia, besi ya baba chumba kimoja na sauti ya mama kingine, ndiyo maana Kijapani chake kinakaa juu ya mdundo wa R&B bila kujilazimisha. Mwaka 2009 aliimba na BoA, Mkorea aliyezaliwa mwaka uleule, naye aliyeanza kazi na miaka 13, na ambaye 2002 alikuwa Mkorea wa kwanza kushika namba moja ya albamu kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Wawili hao wanaimba Kijapani kama marafiki wanaopiga soga, na wala huwezi kumtambua mgeni ni nani.

Bando likiruhusu, anza na Miyako ndipo uende kwa Crystal Kay, usirukeruke. Kisha niambie kama bado unaona ni biashara tu. Shangazi yako anakusalimu, anauliza lini unakuja.

Baba yako