Uso wako usiuache stoo

Mwanangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Hapa Tanga sote tu wazima, ila shangazi yako mguu bado unamvimba. Picha uliyotuma Jumapili imefika. Nilikuwa nachambua mchele, mdogo wako akanipa simu akasema, "Mama, huyu si dada Hawa?" Nikakuona umelala chali, macho yamefumbwa, midomo imekauka, shingo imeshonwa. Ungo ukaniponyoka. Ndipo mtoto akanisomea maneno ya chini, kwamba si wewe, ni sanamu ya silikoni, na kwamba mwenye filamu ameupenda uso wako ndio uwe uso wa maiti.

Mwanangu, kwa nini uso wako? London yote hiyo imekosa uso mwingine?

Kazi yako ya kutengeneza maiti wa filamu sijaikataa. Cherehani niliuza upate nauli, na ningeona unakokwenda ni kubaya nisingeuza. Unasema nywele zile umezipandikiza unywele mmoja mmoja kwa sindano, mpaka nyusi. Nimeikuza picha, nimeona hata vinyweleo vya shavuni. Una mkono, mwanangu. Lakini umekosea, tena pale ambapo wewe, binti wa mwosha maiti, hukutakiwa kukosea. Maiti aliyelazwa chali damu humshuka mgongoni. Zambarau utaikuta mgongoni na nyuma ya mapaja, na pale palipogusa ubao, mabegani na makalioni, hubaki peupe. Wewe zambarau umeipaka mashavuni. Na mwili huwahi kukaza taya na shingo, ndiyo maana kitambaa cha kidevu hatukicheleweshi. Huyo wako mdomo uko wazi, maana yake alikufa bila mtu wa kumfunga. Kama hadithi inataka hivyo, sawa. Kama haitaki, rekebisha. Na uso ubadilishe.

Ile habari ya Frankenstein, aliyeunda jitu, uliyonisimulia likizo bado ninayo. Wengine hapa waliuliza kama lile jitu linakula watu. Mimi nilimfikiria aliyeitunga. Mary Shelley kazaliwa mwaka 1797, mama yake akafariki siku 11 baadaye. Kondo la nyuma lilibaki, daktari akalitoa kwa mkono vipande vipande, homa ya uzazi ikamchukua. Mwaka 1815 Mary mwenyewe akafiwa na kichanga chake cha kwanza, na kitabu kikatoka mwaka 1818. Nimeosha wazazi waliokwenda namna hiyo, huku mtoto analia chumba cha pili na hakuna anayejua ampe nini. Aliyeanza maisha hivyo akiandika juu ya mwili ulioungwa kwa vipande vya maiti ukaamshwa, mimi namwelewa. Na lile jitu halikupewa hata jina. Lina pumzi, lina mikono, na aliyeliumba akalikimbia usiku uleule. Uliponionyesha Boris Karloff akilicheza jitu hilo katika filamu ya mwaka 1931, wewe ulinisifia meikapu ya Jack Pierce. Mimi niliona mtu ambaye hakuna aliyempokea.

Sasa unasema mwezi ujao mnakwenda Edinburgh. Huo ndio mji wa Burke na Hare, wewe mwenyewe ulinieleza. Mwaka 1828 waliua watu 16 wakawa wanamuuzia Dokta Robert Knox maiti, awafundishie wanafunzi kupasua. Burke akanyongwa mwaka 1829, akapasuliwa na yeye, na mifupa yake mpaka leo imesimamishwa chuoni watu wanaitazama. Alistahili adhabu, sibishi. Lakini karibu miaka 200 hajazikwa! Kisha mwaka 1832 ikaja sheria, maiti wa maskini wasiodaiwa na jamaa ndio wakapelekwa kwa madaktari. Hao ndio wanaoninyima usingizi. Mwezi uliopita tuliitwa kumwosha mama mmoja asiye na wenyewe. Sanda tulichangishana. Jina hatukulijua, nikawa namwambia tu, "Geuka mama, tumalize na upande huu."

Filamu ikiisha, huo mwili wako unakwenda wapi? Unasema huwekwa stoo, au hukodishwa kwa filamu nyingine. Yaani uso niliouzaa ulale rafuni, mtu nisiyemjua aukodi, autie kisu, siku moja autupe jalalani. Usikubali. Kama umeshatia saini, waombe wakurudishie kichwa mkimaliza. Kifunge kitambaa uje nacho, nitajua pa kukiweka.

Sisi mwosha akiona alama mwilini haisemi. Mlango unafungwa, uchi unafunikwa, na aliyoyaona anakwenda nayo. Ninyi mwili mnauwashia taa. Nimeliwaza sana hili. Unasema huko wengi maiti wao huwaachia watu wa kazi hiyo, wenyewe hawawagusi. Labda ndiyo maana wanautafuta mwili kwenye sinema, kwa kuwa nyumbani haukupita mikononi mwao.

Kwako wewe mwili wa maiti ulipita mikononi mapema. Bibi yako alisema mtoto wa miaka 11 hashikishwi kata ya maji ya maiti. Nikamjibu kwamba mwenzangu yuko uzazini na maiti hasubiri. Siku ya yule mtoto wa Duga sina haja ya kuirudia. Hukula siku mbili, nikakwambia utazoea. Ukazoea kweli.

Kwa hiyo nyuso za wengine zitengeneze, zambarau uiweke mahali pake, na ukiwa peke yako na zile sanamu usiku soma kidogo kabla hujazima taa. Ila uso wako, Hawa, uombe. Usione haya kuwaambia mama yangu amekataa.

Pesa ulizotuma nimenunua bati za jikoni, zilizobaki ni ada ya mdogo wako. Hesabu anafanya, Kiingereza anakimbia, umseme wewe maana mimi ameshanizoea. Jirani amejenga ukuta akaukata mkunazi, sasa majani ya kuoshea nayafuata mpaka Chumbageni. Shangazi yako anaomba soksi nene za mguu, zile ndefu.

Piga baada ya isha, mchana sikai nyumbani. Na ukipiga washa kamera, nikuone unavyosema.

Mama yako