Barua kwa mwanangu anayekwenda kwenye luteka ya Hawaii

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia kwamba kikosi chenu cha ndege za doria kimeteuliwa kwenda Hawaii kushiriki RIMPAC, luteka ya majini iliyoanza mwaka 1971 na ambayo siku hizi Jeshi la Wanamaji la Marekani huiandaa kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2024 zilishiriki nchi 29, zikiwa na meli za kivita zipatazo 40, nyambizi 3 na ndege zaidi ya 150. Najua moyo wako uko kwenye kusaka nyambizi. Mimi niliyeifanya kazi hiyo kabla yako nakusihi uzipe uzito siku za mwanzo, mtakapokuwa mmewasili Hickam, kituo cha ndege za kijeshi huko Hawaii, na bado hamjaruhusiwa kuruka.

Siku hizo huishia vikaoni, na uchovu wa safari huleta usingizi. Usisinzie inapofika zamu ya altimita, kile kifaa kinachoonyesha kimo cha ndege kwa kupima mgandamizo wa hewa. Wewe umezoea kupewa kipimo cha mgandamizo huo, cha kuiwekea altimita, kwa hektopaskali. Huko, kama kwingineko Marekani, utasomewa kwa inchi za zebaki. Mwongoza ndege akitamka tisa, tisa, mbili akimaanisha inchi 29.92, nanyi kwa mazoea mkaweka hektopaskali 992, ndege yenu itakuwa juu kwa takriban futi 600 kuliko mnavyodhani, ikikaribia anga iliyotengewa ndege ya nchi nyingine. Wala hamtashtuka, kwa sababu altimita itawaonyesha kwamba mko pale pale mlipoagizwa.

Liko pia suala la maboya ya kusikilizia nyambizi, yanayodondoshwa kutoka ndegeni. Boya likishatua majini hushusha kinasa sauti kwa waya na kurusha kwa redio kila linachokisikia, lakini ndege mbili zikitumia masafa yale yale ya redio mawimbi huingiliana, na nyambizi inaweza kupita chini yenu msiitambue. Mgao wa masafa ukitolewa, unakili kwa mkono wako mwenyewe, kisha uulinganishe na wa wenzako wa ndege nyingine. Wengi wao Kiingereza si lugha yao, na mtu huona haya kuuliza mbele ya wageni. Uliza wewe, mwanangu, hata kama wote mezani wanatikisa kichwa kukubali.

Mkishapewa ratiba ya kuruka, nijulishe kama umepangiwa kiti cha maboya au cha rada. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako