Mwanasayansi naye ana mwili, mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Magazeti yakiandika habari za sayansi yanaweka matokeo tu, dawa mpya, sayari mpya, mashine mpya, halafu uchoraji na mashairi na muziki vinatupwa ukurasa mwingine kabisa, utadhani hizi kazi zinafanywa na watu wa aina mbili ambao hawajawahi kukutana. Mi ni mwanabiolojia, nashinda kwenye hadubini, na nasema wazi kwamba kifaa kilichonifundisha kuona kuliko vyote ni penseli.

Ngoja nieleze. Chukua jani, bandua ile ngozi nyembamba ya upande wa chini, weka kwenye slaidi, kile kipande chembamba cha kioo, na tone la maji, funika. Ukichungulia haraka utaona vitundu vimetapakaa, basi, unapiga picha kwa simu unaondoka. Sasa kaa uchore, jicho moja kwenye lenzi, lingine liko wazi kwenye karatasi. Mkono unaanza kuuliza vitu ambavyo macho yaliviruka: huu mstari unaishia wapi, ukuta wa seli mbona upande wa tundu ni mnene kuliko upande wa pili, na zile chembe za kijani mbona zimo kwenye hizi seli mbili zinazolinda tundu ila kwa jirani zake, kwenye mimea mingi, hazimo? Ukishachora ule unene ndo unaelewa kazi yake, yaani seli zikijaa maji ukuta wa nje unatanuka zaidi ya ule mnene wa ndani, zinajipinda, tundu linafunguka kama midomo miwili, hewa ya ukaa inaingia na mvuke unatoka, maji yakipungua seli zinalegea na tundu linafunga. Kila jani unalolipita njiani liko kwenye hiyo kazi muda huu unaosoma. Mi mpaka leo nikiliona hilo tundu nafurahi, na sioni sababu ya kuficha hiyo furaha eti kwa kuwa niko kazini.

Mfano mkubwa kwangu ni Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, mtafiti wa ubongo na neva, zile nyuzi zinazopeleka taarifa mwilini. Huyu alitaka kuwa mchoraji, baba yake daktari hakutaka kabisa kusikia hiyo habari, akamsukuma kwenye udaktari, na wakaanza kusoma mifupa pamoja huku kijana akiichora. Baadaye akaipata njia ya Camillo Golgi, Mwitalia aliyegundua mwaka 1873 namna ya kutumia madini ya fedha kuzipaka weusi seli chache tu za neva, zingine zote zinabaki hazionekani. Golgi alitazama akaamini neva zote zimeungana zikawa wavu mmoja, Cajal akatazama vitu hivyohivyo akasema hapana, kila seli iko peke yake, zinakaribiana tu. Mwaka 1906 wakapewa tuzo ya Nobel pamoja na bado hawakuwa wanakubaliana! Sisemi penseli ndo iliyoamua, Golgi naye alichora, na Cajal aliiboresha ile njia na akaitumia kwenye wanyama wachanga ambao neva zao hazijafunikwa na mafuta. Ila huwezi kuchora mwisho wa tawi la seli bila kuamua kama lina mwisho au halina, na yeye aliamua mara elfu na elfu, mchoro kwa mchoro. Michoro yake inatumika kufundishia mpaka leo.

Halafu kuna mwili wenyewe. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wetu lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliopumzika, sasa mtu anakesha wiki nzima, hali chakula vizuri, hatembei, anashangaa mbona hana wazo jipya. Mwanasayansi Otto Loewi kule Austria aliota jaribio lake usiku, akaandika kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe, usiku uliofuata wazo likarudi akaamka akaenda moja kwa moja maabara. Mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa wa neva wa mmoja mpaka mapigo yakapungua, akachukua majimaji yake akayatia kwenye wa pili, nao ukapunguza mapigo. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba neva inaongea kwa kemikali, akachapisha mwaka 1921. Usingizi ulikuwa sehemu ya hiyo kazi jamani, haukuwa uvivu.

Kinachoniuma zaidi ni Charles Darwin, yule Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Mwaka 1876, akiandika habari za maisha yake kwa ajili ya watoto wake, alisema ujanani alipenda sana mashairi, uzeeni hakuweza kuvumilia hata mstari mmoja, na kwamba angepewa maisha tena angejiwekea sheria ya kusoma shairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki. Mtu aliyeona mengi kiasi kile, na bado alilihesabu hilo kuwa hasara.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo. Kwenye habari za sayansi wekeni mara mojamoja mchoro wa mkono wa mtafiti mwenyewe, hata kama una mishale na alama za kufutafuta, na mwandishi akienda kumhoji amuulize pia analala vipi, anatembea saa ngapi, anasoma nini nje ya kazi. Na walimu wa biolojia mnaosoma hapa, wanafunzi wachore kwanza, simu zikae pembeni, picha wapige baadaye kwa ajili ya kulinganisha.

Msomaji wenu,
Mtafiti wa mimea