MRI ni nzuri, lakini anzeni na panja za watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita msomaji mwenzangu aliandika hapa akitaka kila hospitali ya mkoa ipate MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Sina ugomvi naye, ila kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu kujikunja kama mundu, ameanzia mwisho.

Mimi ni fundi bomba hapa Masasi, na wanangu wawili wana selimundu. Binti yangu alikuwa na miaka sita asubuhi ile andazi lilipomtoka mkononi akashindwa kuliokota. Nilidhani anatania, mpaka nilipoona mdomo umekwenda upande. Kliniki alihudhuria miaka minne bila kukosa: anapimwa uzito, anatolewa damu, anapewa vidonge vya foliki vya kuongeza damu, tunarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kututajia kwamba mishipa ya kichwa nayo hupimwa. Tulipouliza imekuwaje mtoto apate kiharusi, tukajibiwa, "Ndiyo selimundu yenyewe hiyo."

Nikauza pikipiki ya kazi, tukapanda basi kwenda Dar es Salaam kupigwa MRI. Mtoto alipewa dawa ya usingizi asije akatikisika. Mimi nilizuiwa mlangoni kwa ajili ya spana ndogo niliyoisahau mfukoni. Ile ni sumaku kubwa, haina mzaha na chuma. Picha ilitoka safi kabisa. Hata mimi niliona mishipa mikubwa ya ubongo ilivyosinyaa pande zote mbili, na doa pale palipokosa damu. Lakini hasara ilikuwa imekwisha kuingia.

Daktari wa huko ndiye aliyesema tumlete na mdogo wake, apimwe kwa altrasaundi ya mishipa ya ubongo. Mwanangu wa miaka minne akakaa mapajani mwangu, macho wazi (hawataki alale, usingizi hubadilisha mwendo wa damu), akapakwa jeli kwenye panja, mbele ya sikio. Hakuna sindano, hakuna kulazwa. Mashine ikaanza kulia shwaa, shwaa, nami nikaelewa kabla sijaelezwa: bomba likibanwa, maji hukimbia na kupiga kelele. Kipimo kinasoma kasi hiyo. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde, hatari ni ndogo. Ikifika 200, hatari ya kiharusi ni kubwa. Wangu alisoma 184. Akaanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, na safari iliyofuata ikashuka hadi 161.

Wala si jambo jipya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wenye kasi ya juu wakiongezewa damu mara kwa mara, kiharusi cha kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka huo mimi mwenyewe nilikuwa bado navaa kaptula ya shule.

Nilimuuliza mpimaji mashine ile inauzwa kiasi gani. Akacheka. Alisema altrasaundi nyingi zenye kile kichwa cha kupimia moyo zinaweza kuifanya kazi hii, mradi anayeishika amefundishwa. Basi ninachoomba si jengo. Wafundishwe watu wawili kila hospitali ya mkoa, na mtoto mwenye selimundu wa miaka 2 hadi 16 apimwe panja kila mwaka, pale pale anapochukulia foliki. Atakayekutwa na shida, au yule ambaye mfupa wake ni mnene sauti haipenyi, huyo apelekwe MRI. Nchini huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Hawawezi wote kupanda basi la Dar.

Binti yangu sasa ana miaka tisa na anaandika kwa mkono wa kushoto. Mdogo wake anapimwa tena mwezi ujao. Nimeshakata tiketi, basi la alfajiri, siti mbili.

Fundi bomba,
Masasi, Mtwara