Kiu kwenye foleni ya kura

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu juu ya sheria ya uchaguzi ya jimbo la Georgia, Marekani, iliyotiwa saini Machi 2021, ambayo inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayempa maji au chakula mpiga kura aliyepanga foleni ndani ya futi 150 kutoka jengo la kupigia kura, au anayemkaribia mpiga kura yeyote kwenye foleni kwa chini ya futi 25, hata foleni ikivuka futi hizo 150. Watetezi wake husema inazuia ununuzi wa kura, ingawa ni vigumu kumfikiria mtu anayeuza kura yake kwa chupa ya maji.

Hata hivyo, naona wapinzani wa sheria hii watafaidika zaidi wakiisoma kwa makini kuliko wakiivunja ili wakamatwe mbele ya kamera. Sheria hiyohiyo inawaruhusu wasimamizi kuweka chombo cha maji ambacho kila mtu hujichotea mwenyewe, na inataka kituo chenye wapiga kura zaidi ya 2,000, ambako watu walisubiri zaidi ya saa moja, kigawanywe au kiongezewe mashine na watumishi. Wananchi wawaandikie wasimamizi mapema kudai maji hayo, kisha siku ya kura wakae nje ya mpaka, saa mkononi, wakiandika muda wa foleni ili kuulinganisha na kumbukumbu rasmi. Daftari la namna hiyo lina manufaa hata mahakamani, ambako Agosti 2023 jaji wa shirikisho alikwisha kusimamisha utekelezaji wa katazo hilo kwa foleni zinazovuka futi 150.

Msomaji wenu