Barua kwa Somo: Kilo 13 kwa Miezi 14

Ngamiani,
Tanga.
15 Novemba 2025

Somo yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama pamoja na jamaa wote. Sisi hapa hatujambo. Barua yako nilikabidhiwa mkononi Jumatatu na mpwa wako aliyefika kwa basi la Dodoma, pamoja na zile zabibu, nami nakushukuru kwa vyote viwili ijapokuwa zabibu watoto waliziwahi kabla yangu.

Umeniuliza ni dawa gani niliyokunywa hata nikapungua hivi ulivyoniona kwenye picha, na umeniarifu kwamba umekwisha kuagiza majani ya chai ya kupunguza tumbo, na kwamba kuanzia wiki ijayo utaacha kabisa ugali na wali ili uwahi harusi ya binti wa dada yako mwezi wa Januari. Nilisoma maneno hayo mara mbili, kisha nikaamua kukujibu kwa kirefu, kwa maana njia hiyo unayotaka kuipita mimi nimeipita na najua inakotokea. Mwaka juzi niliishi wiki tatu kwa supu ya kabichi na maji ya ndimu, nikapoteza kilo 5, nikashangiliwa, na kabla ya miezi miwili kwisha kilo zote 5 zilikuwa zimerudi na kuleta mwenzao mmoja. Chai za namna hiyo, somo, kazi yake kubwa ni kukupeleka chooni. Kinachopungua kwenye mizani ni maji, na ukinywa maji yanarejea, lakini mafuta ya tumboni hubaki pale pale yalipokuwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sikunywa dawa yoyote. Nilianza Septemba 2024, siku niliyokwenda kituo cha afya kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikiniuma, nikapimwa presha ikasoma 148 kwa 94, kisha nikapandishwa kwenye mizani ikasoma kilo 86. Muuguzi alichukua urefu wangu, ambao ni mita 1.60, akauzidisha kwa wenyewe, akaugawa uzito wangu kwa jibu alilolipata, ikatoka 33.6. Akanieleza kwamba kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa amezidi uzito, na kuanzia 30 hali hiyo huitwa kiribatumbo, neno ambalo kwanza lilinichekesha na nilipofika nyumbani likanichoma. Daktari hakuniandikia vidonge siku ile. Alinipa miezi mitatu, akaniambia nisiote kurudi kwenye kiuno cha usichana wangu, bali nitafute kupunguza kilo 4 hadi 8 tu kwanza, kwa kuwa hata kiasi hicho hutosha kuisaidia presha. Maneno hayo ndiyo yaliyoniokoa, maana kilo 4 niliziona ni kitu ambacho mtu kama mimi anaweza kukifanya.

Nilianzia jikoni, na jikoni nilianza na dumu la mafuta. Unakumbuka tunavyopika huku kwetu: mafuta hayapimwi, yanamiminwa kwa jicho mpaka kitunguu kielee. Nyumba yetu ya watu sita ilikuwa inamaliza dumu la lita 5 kwa siku zisizozidi 18. Nilipojifunza kwamba kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina takriban kilokalori 120, na kwamba mtu wa uzito wangu huhitaji kutembea karibu nusu saa ili kuziunguza, nilielewa kwa nini wale wanaokimbia asubuhi kisha wakapitia vitumbua na chapati za kusukuma hawapungui. Nikaweka kijiko kando ya jiko, nikaanza kupima: vijiko vitatu kwa chungu kizima cha mchuzi. Wiki ya kwanza watoto walilalamika, wiki ya tatu hawakukumbuka tena, na leo dumu lile lile linatufikisha wiki ya sita. Nazi sikuiacha, wala sikuwa na nia ya kuiacha, kwani Tanga bila nazi mtu angeishi vipi? Ila tui zito sasa ni la Ijumaa; siku nyingine napikia tui jepesi la mkamuo wa pili, na samaki ambao zamani lazima wakaangwe sasa mara nyingi nawachemsha kwa ndimu, nyanya na pilipili, au nawachoma.

Sukari ilinichukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nanywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vinne, yaani vijiko 12 kabla sijagusa soda wala kashata, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema ingekuwa vizuri zaidi mtu mzima asipite gramu 25 kwa siku, ambazo ni kama vijiko sita vidogo. Sikuikata kwa mkupuo. Kila baada ya wiki mbili nilipunguza nusu kijiko, na ulimi ukanifuata polepole bila kuasi, hata sasa nusu kijiko kinanitosha, na chai niliyopewa juzi kwenye maulidi niliiona kama shira. Soda nimezibakiza kwa sherehe. Nikitamani kitu kitamu namenya chungwa la Muheza na kulila na nyuzi zake, kwa sababu nikilikamua nakunywa machungwa manne bila kujijua na tumbo halihisi kitu.

Sasa nikueleze jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo, nalo ndilo lililonitesa kuliko njaa: sinia. Sisi tunakula pamoja, na anayekula kwenye sinia hajui amekula kiasi gani, kwa kuwa wali unatelemka kutoka katikati, mwenzio anakusogezea, na kunawa mapema ni kumvunjia heshima aliyepika. Nilipoanza kujipakulia kwenye sahani yangu, nusu ikiwa matembele au bamia, robo wali, na robo samaki au maharage, mama mkwe wangu alinyamaza siku nne. Siku ya tano akamwambia baba watoto kwamba mkewe ameanza kuwatenga watu. Nililia, nakwambia kweli. Mwishowe nilikwenda chumbani kwake na karatasi ya kituo cha afya, nikamsomea namba za presha, nikamkumbusha kwamba dada yake alipooza upande mmoja kwa ajili ya presha hiyo hiyo. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenipakulia mboga, na hunijazia mpaka inamwagika. Ijumaa nakaa siniani na wote, naanza na mboga na samaki, natafuna taratibu, na siku hiyo sihesabu chochote.

Ndiyo maana siafiki shauri lako la kuacha ugali na wali kabisa. Utaacha siku ngapi? Utakapokwenda msibani au harusini utakula nini? Mimi sijaacha chakula hata kimoja nilichozaliwa nacho. Nimepunguza kipimo, nimeongeza mboga, na nimehakikisha kila mlo una dagaa, samaki, mayai, maharage au kunde, kwa kuwa vyakula hivyo hukaa tumboni muda mrefu na kuisahaulisha njaa ya saa kumi jioni. Na wewe una jambo jingine ambalo mimi sina: unameza vidonge vya kisukari. Ukikata chakula ghafla huku ukiendelea na dozi ile ile, sukari inaweza kushuka mno mpaka ukaanguka. Tafadhali, kabla hujapunguza hata nusu ya kipande cha ugali, nenda kwa daktari wako umweleze unachotaka kufanya ili atazame dozi. Hilo nakuomba kwa udugu wetu.

Mazoezi niliyaanza kwa aibu. Wiki ya kwanza nilijaribu kukimbia kama vijana, magoti yakavimba, nikakaa ndani siku kumi. Niliporudi nilianza kwa kutembea, dakika 15 tu baada ya swala ya alfajiri, na jirani yangu ambaye naye alikuwa analalamikia mgongo. Kila wiki tuliongeza dakika chache. Sasa tunatembea dakika 45, siku tano kwa wiki, kuelekea Raskazone na kurudi, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba; hizo ni dakika 225, na kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni kati ya 150 na 300. Kuwa na mwenzi ndiyo siri yangu ya pekee, kwani zipo asubuhi nyingi ambazo ningelala kama si kumsikia anakohoa mlangoni. Sokoni Mgandini nakwenda kwa baiskeli, na hapa Tanga hakuna anayekushangaa, maana baiskeli ni miguu ya mji huu. Siku mbili kwa wiki, kabla ya kuoga, nakaa na kuinuka kwenye kigoda mara 15, napumzika, narudia, kisha nausukuma ukuta kwa mikono kama ninayetaka kuuangusha. Mama mkwe hucheka. Lakini mtu anayepungua bila kuitumia misuli hupoteza na misuli yenyewe, na gunia la mkaa la nyumba yetu bado nalibeba mimi.

Usidhani kilo zilishuka kama ngazi. Mwezi wa kwanza zilikwenda 2, mwezi wa pili moja, kisha kidogo kidogo. Mwezi wa Ramadhani nilipanda kilo moja na nusu, na sikuhitaji mpelelezi: mchana mtupu, magharibi tambi, kaimati, sambusa na magimbi ya nazi. Baada ya Sikukuu nilikaa kwenye kilo 78 karibu miezi miwili bila kusogea, nikakata tamaa kiasi cha kuificha mizani chini ya kitanda. Daktari alinifafanulia kwamba mwili ukiwa mwepesi nao hutumia nguvu kidogo, kwa hiyo chakula kilichonipunguza nilipokuwa na kilo 86 ndicho kinachonitosha tu nikiwa na 78. Nikajichunguza, nikamkamata mwizi: ukoko. Kila siku nilikuwa nakwangua sufuria nikiwa nimesimama, na kumalizia mabaki ya watoto ili yasitupwe, na vyote hivyo sikuwa navihesabu kuwa chakula. Ukoko sasa wanagombania watoto wenyewe.

Mizani napanda mara moja kwa wiki, Jumamosi kabla ya chai, kwa kuwa maji peke yake yanaweza kukupandisha au kukushusha kilo moja au mbili kwa siku na kukutia wazimu bure. Pamoja na mizani natumia futi ya fundi cherehani kupima kiuno. Nilianza na sentimita 104, leo ni 93, na kwa mwanamke, hatari ya maradhi huhesabiwa kubwa kuanzia 88, kwa hiyo bado safari ipo. Asubuhi ya leo uzito ulikuwa kilo 73. Presha ya mwezi uliopita ilisoma 128 kwa 82. Hesabu ya muuguzi ingenitaka nishuke chini ya kilo 64, lakini namba hiyo siikimbilii. Nikiishia 70 nikadumu hapo, sitamdai mtu.

Jiandae pia kwa midomo ya watu. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, maisha yamemkubali; akipungua huulizwa anaumwa nini. Mwanamke mmoja mtaani alinishika mkono kwa huruma akaniuliza kama nimekwisha kupima, na baba watoto aliulizwa barazani, mbele ya wazee, kama siku hizi ananilisha. Alirudi nyumbani amenuna, akanitaka nile chapati mbili mbele yake. Nilikula moja, tukacheka, yakaisha. Siku hizi yeye mwenyewe anapima kitambi chake kwa futi yangu akidhani sioni.

Kuhusu harusi ya Januari, kuanzia leo zimebaki wiki chache, na kwa mwendo wangu ungepungua kilo 2, labda 3. Najua si ulichotaka kusikia. Shona gauni la mwili ulio nao sasa, uvae upendeze, na hayo majani ya chai uyarudishe kwa aliyekuuzia kama atakubali. Shule zikifungwa mwezi ujao, njoo ukae nasi hata wiki mbili. Utatembea nasi alfajiri, na viatu vya raba usinunue vipya, jirani ana jozi inayokutosha. Ukija, niletee lile gauni langu la kijani nililolisahau kwako. Fundi amekwisha kuniambia atalipunguza pande zote, lakini nimemwomba alipige bandi tu kwanza, asilikate, mpaka nijue nitakapoishia.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi somo yako akupendaye.