Chai za kupunguza tumbo: wanaozitangaza nao wajibu

Mhariri,

Magazeti na redio zetu siku hizi hazikosi tangazo la chai ya kupunguza tumbo: "Kilo 7 ndani ya siku 10", na gazetini pembeni picha mbili za dada yuleyule, kabla na baada. Tunaomba nafasi tupige hesabu ambayo tangazo haliipigi.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Kilo 7 ni 53,900. Kwa siku 10 inabidi zitoke 5,390 kila siku. Mwanamke wa kawaida hutumia kama 2,000. Hata asiguse ugali siku zote hizo, hafiki nusu. Kinachopungua kwenye mzani ni maji na choo. Nyingi ya chai hizo huwa na majani ya sanamaki, haluli ya siku zote, ambayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mtu akinywa maji uzito unarudi, anadhani kosa ni lake, anaongeza dozi. Akizoea, hapati choo bila chai. Potasiamu, madini yanayopotea kwa kuharisha, ikishuka misuli hukaza na moyo hupiga ovyo, na kwa jua la Dodoma la Oktoba maji ya mwili hayana akiba.

Wapo wanaosema kujinyima chakula na kujitapisha ili kukonda ni maradhi ya Wazungu. Fiji ilikuwa nchi ya kusifu mwili mnene, kama huku kwetu ambako aliyekonda huulizwa anaumwa nini. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari wakati huo, hakupata hata mmoja anayejitapisha ili apungue. Mwaka 1998, kati ya wasichana wa rika hilohilo, walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ni televisheni tu. Simu inakuja na filta inayobana kiuno na kutanua nyonga kwa kidole, ndiyo maana duka moja linauza chai ya kukondesha na vidonge vya kunenepesha makalio bila kuona aibu.

Kwa msichana, mambo huanza kwa kuruka chai ya asubuhi. Mchana anakula matango. Usiku mwili unadai deni lake, anakula kwa pupa na kwa siri, kisha majuto, kisha kujitapisha. Mzazi asisubiri mtoto akonde: wengi wanaojitapisha wana uzito wa kawaida. Aangalie anayekimbilia chooni kila baada ya kula, mashavu yaliyovimba kama ya matumbwitumbwi, meno ya mbele yaliyolika kwa ndani, makovu kwenye vifundo vya vidole, hedhi iliyokata miezi mitatu, anayevaa sweta wenzake wakitoka jasho.

Nyumbani, milo iwe mitatu na vitafunwa viwili, yasipite masaa manne bila kula. Karanga na maziwa ya mgando vinatosha. Mkae naye saa nzima baada ya mlo, mkiongea mengine. Mzani uondoke, na "umependeza, umepungua" ikome. Aliyetapika asukutue kwa maji, asipige mswaki kabla ya nusu saa, maana asidi imelainisha meno. Aliyekaa zaidi ya siku tano karibu bila chakula msimjazie sahani kwa huruma: fosfati, madini ya damuni, huweza kushuka ghafla, moyo ukashindwa. Huyo apelekwe hospitali, apimwe damu na umeme wa moyo, aanzishiwe chakula kidogo kidogo. Daktari akisema Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, nendeni. Utani wa mjini kuhusu jina hilo umechelewesha wagonjwa wengi.

Kwako, Mhariri: kataa tangazo linaloahidi kilo kwa siku. Linaloingia litaje kilichomo kwenye pakiti, kwa herufi za ukubwa uleule wa bei. Ufaransa tangu 2017 picha ya biashara ya mwanamitindo iliyorekebishwa umbo lazima iandikwe hivyo. Kwa gazeti ni mstari mmoja chini ya picha, na hauhitaji kusubiri sheria.

Maafisa lishe,
Area C, Dodoma